Lipu ya Jana

Eumenes aliweka kifundo cha kidole ukutani, akakiacha hapo muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akanigeukia.

"Kaka Vibius, lipu hii umeipiga saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikamjibu. "Huoni ilivyoloa?"

Ilikuwa imeloa kweli, maana nilikuwa nimetoka kuipangusa kwa kitambaa cha maji. Lipu yenyewe niliipiga jana yake, nikaacha milango wazi upepo wa kiangazi uikaushe. Kila mchoraji wa kuta hapa Capua anajua rangi hushikwa na chokaa mbichi. Ikishakauka, unapaka vumbi tu.

Sasa nimezeeka, sina wa kumficha. Yule kijana Mgiriki nilimwonea wivu hadi chakula kikanikataa. Miaka kumi na mmoja nilimfanyia kazi Trebius, fundi wetu mkuu. Kuta nyekundu nilipaka mimi, mistari ya pembeni mimi, zile nguzo za kuchora ambazo wageni walitaka kuziegemea, mimi. Sura za watu nilikuwa nangoja zamu yangu. Ndipo akaja Eumenes kutoka Neapoli, ndevu hazijamjaa, na wiki ya kwanza tu akachora mwanamke anayegeuza shingo, nami nikajikuta nasubiri amalize kugeuka. Nilimchukia pale pale.

Kisha mwenye nyumba moja kubwa akataka picha ya katikati katika chumba chake cha karamu. Picha kama hiyo ndiyo humtoa mtu kwenye mistari ikamfanya mchoraji wa sura, basi. Trebius akampa Eumenes. Mimi akaniambia nimpigie lipu. Mimi, nimpigie lipu! Nilikoroga chokaa kwa hasira.

Eumenes alichora kutwa nzima mungu wa mvinyo akiamka usingizini. Ilikuwa nzuri, na nilipoitazama roho iliniuma, ingawa nilijua haitadumu.

Majira ya baridi, karamuni, mgeni mmoja aliegemea ukuta, akainuka na bega la mungu mgongoni mwake. Watu walicheka mpaka mwenye nyumba akatoka nje kwa aibu. Kesho yake Trebius alimfukuza Eumenes mbele yetu sote. Nilisubiri anitaje. Badala yake akaanza kukusanya brashi zake.

Alikuja kuniaga nikiwa nachekecha mchanga.

"Nilijua imekauka," akasema. "Niliigusa."

Nikamuuliza, kwa nini basi akachora?

"Ningesema, Trebius angekufukuza wewe. Nilidhani umepitiwa, ukaona haya kukiri. Wewe una watoto, kaka. Mimi niko peke yangu. Nikasema labda itashika."

Akanikumbatia, pamoja na vumbi langu lote, akabeba mfuko wake wa brashi akashika njia ya Neapoli.

Ule ukuta nilipewa mimi, na tangu hapo nikawa mchoraji wa sura. Watu husema najua kazi. Siku ile ningeweza kumkimbilia Eumenes, hata lango la mji hakuwa amefika. Sikumkimbilia, wala sikumhurumia. Nilisimama na chekeche mkononi nikimtazama anavyokwenda, nikawaza kumbe hata kwa roho njema amenizidi, na wivu ukanipanda upya, mkali kuliko ule wa kwanza.