Swichi ya Chumbani Kwangu

...na aendelee kuita, sitainuka, mimi nina mbaazi zangu za kuambua na kiti hiki kimeshanikubali, kama ni yeye aliyezinunua hizo taa aende aziwashe mwenyewe, "Mama, hebu washa swichi ya chumbani kwako, tunaingoja," tunaingoja, yeye na mke wake wamekalia kochi langu tangu chai, laptop katikati yao, mtu mzima na digrii yake anangoja taa kama anayengoja ng'ombe azae, na ng'ombe ukimngoja angalau utapata maziwa... "Sijasikia," nimemjibu, na nimesikia, masikio yangu hayana shida, shida ni magoti, lakini Kisilu mwanangu ameamua ukizeeka vinazeeka vyote siku moja, kama viatu vya pea moja, kushoto kukiisha na kulia kutupwe. Wanahamisha, ndivyo alivyosema walipofika kutoka Syokimau, "tunahamisha network, Mama," nikaanza kuangalia kabati langu la vyombo litapita mlango gani, kumbe ni taa, na taa zenyewe haziendi popote, ziko pale pale darini, kinachohama ni kile kisanduku cheupe kilichokaa juu ya friji kama kipande cha sabuni, ati kimezeeka, hakijamaliza hata miaka mitatu na kimezeeka, sasa ameleta kingine cheusi na kila taa ya nyumba hii lazima ipelekwe mbele yake ijulishwe, huyu ndiye mkubwa wako mpya, msalimie, Zigbee, ndivyo huo mtandao wa taa unavyoitwa, jina kama dawa ya kuogeshea ng'ombe, nilisema hivyo siku ya kwanza na Waithera akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikamchukia kwa kucheka, kwa sababu kwangu hakukuwa na kichekesho, na kwa sababu ni Waithera, msichana aliyetoka Murang'a akamchukua mwanangu, na sasa anachukua mpaka swichi... "taa zinapitishiana habari, Mama, ya jikoni inaambia ya korido, ya korido inaambia ya chumbani," basi ni kama akina mama wa kanisa letu hapa Mbumbuni, nikamwambia Kisilu, moja ikijua zote zimejua, umenijazia nyumba udaku, nikadhani natania, mpaka asubuhi ile simu ikalia hata uso sijanawa, "Mama, tumbo linakusumbua? Naona usiku umeamka amka," anaona, anaona na macho gani, yeye yuko Syokimau na mimi niko Makueni, kumbe ni kale kajicho ka plastiki alikobandika koridoni juu ya mlango wa choo, nikipita taa inawaka na simu yake inaambiwa mamako amekwenda kukojoa, mimi, Syombua, niliyemwosha huyo matako mpaka akajua choo kiko wapi, leo ananihesabia safari. Kuanzia siku hiyo nikawa nazima ukutani, si eti nilikuwa siizimi, nilizima tangu zamani, nyumbani kwetu Ikutha tulikuwa na koroboi moja, baba akifunga Biblia inazimwa, chakula mnamalizia gizani, mkono unajua mdomo uko wapi, taa iliyozimwa imezimwa ukutani, haiwezi kuwa imezimwa kwa simu na huku inakesha ndani kwa ndani ikisikiliza, Kisilu alibandika sellotape juu ya swichi zote, "hizi usiguse, Mama, ziache on," nikazibandua kwa kisu cha mboga kabla gari lake halijafika lami, na kila jioni nazima ya korido, swichi inalia kaa, nazima ya chumbani, kaa, kajicho kanabaki kanaongea na hewa, hakuna taa ya kupokea habari yake, na mimi napita chini yake kwa giza langu polepole, bega kwa ukuta, giza la nyumba ambayo mchanga wake niliuchota mtoni na marehemu mume wangu Mutiso kwa migongo yetu, sijawahi kujikwaa, hata kidole, nikirudi kitandani nacheka peke yangu, nimekushinda, wewe mtoto, nimekushinda wewe na Zigbee wako...

"Angalia hii ya chumba cha Mama," huyo ni Waithera, kwa ile sauti watu wanatumia kando ya kitanda cha hospitali, "imepotea, imerudi, imepotea, karibu kila jioni," na Kisilu, "si nilikuambia? Anazima halafu anasahau kuwasha. Anatembea gizani huyu, siku moja atavunjika nyonga," "ama anazima makusudi?" "Makusudi ya nini, na nimemweleza mara ngapi? Hakumbuki, Waithera. Hata sasa hivi nimemwomba awashe, umemwona akiinuka? Ameshasahau," na mbaazi zimeniponyoka zikaenda chini ya meza, ngoja, ngoja kidogo, mimi niliyekuwa nacheka kitandani, kumbe kila kaa ya jioni ilikuwa inaandikwa huko kwa simu yake, Mama amesahau, Mama amesahau, ushindi wangu wote umewekwa pamoja ukaitwa ugonjwa... hivyo hivyo walianza na dada yangu Muthoki, kwake haikuwa taa, ilikuwa sufuria, aliunguza muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, siku moja, moja, nani hajaunguza muthokoi, watoto wakatazamana, Mama anasahau, wakampeleka Nairobi ghorofa ya nne apumzike kidogo, mbuzi wakauzwa, nyumba ikapigwa kufuli, nilipomtembelea nikampata mbele ya katuni, rimoti iko kwa mjukuu, akaniuliza, Syombua, mvua imenyesha Ikutha? na ilikuwa imenyesha, na popo walikuwa wameshaingia chumbani kwake, sikumwambia, alirudi Ikutha na gari la mochari... "Backup imekubali," Waithera anasema, "majina yote ya zamani yako hapa, jikoni, sebule, korido, hii ya chumbani ilikuwa inaitwa Mama, nirudishe hivyo hivyo?" na Kisilu, bila kupumua, kama mtu anayeagiza soda, "hapana, hiyo weka Guest." "Guest?" "Akishakuja kwetu Desemba si kitakuwa cha wageni? Tutakuwa tunalala hapo tukija wikendi." "Kisilu, mamako yuko hapo." "Hasikii." Halafu laptop inasukumwa, nasikia ikikwaruza meza yangu, "mimi siandiki hiyo, andika wewe, ni mamako"...

...Guest, mgeni, kwa kitanda nilichomzalia, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara na mkunga akaja akitembea kwa miguu, hapo ndipo alipotokea akilia kama mbuzi, na sasa hapo ndipo pa mgeni, na mimi miaka yote hii nimeambia kanisa zima yule msichana wa Murang'a atanila nyumba, nimemnyima hata kipande kizuri cha kuku, kumbe aliyeshika kisu nilimnyonyesha mwenyewe... na nikipiga kelele sasa atasema unaona, hasira pia ni dalili, amesoma kwa simu, na nikinyamaza ni Guest, kufuli, popo, katuni, na nani atanitetea, Mutiso yuko chini ya mchanga, kanisa litaniombea safari njema... isipokuwa kale kajicho, kajinga kale, hakana mama wala mke, kanasema tu kanachoona, amepita, amerudi, hakuanguka, kama ningekaacha kafanye kazi kangesema hivyo kila usiku na Kisilu angekosa neno, ni mimi niliyemziba mdomo shahidi wangu kwa mkono wangu, basi nitaiwasha, nitaiacha on na sellotape nitaibandika mwenyewe, anataka kujua kama niko macho, atajua, hata bila haja ya choo nitapita, nitasimama chini yake nikapungie mkono, nitarudi, nitapita tena, simu ilie huko Syokimau kando ya sikio lake, aamke, ahesabu, kesho yake aje aniambie nasahau, macho yake mekundu... "Mama," anaita tena, polepole, kila neno peke yake, kama anafundisha nasari, "Mama. Swichi. Ya. Chumbani. Unasikia?"

"Nasikia," nimesema, na bado sijainuka, ganda la mbaazi liko mkononi, "nimesikia tangu asubuhi, mpaka hiyo Guest," na kwenye kochi hakuna anayeandika kitu.