Bibi Harusi Mwenye Makengeza

…wala shela haimsumbui, imeshafunuliwa, kinachomsumbua ni rangi ya njano waliyompaka usoni, kwa sababu kamera huona wekundu kuwa weusi, na jua la Los Angeles linaiyeyusha, linamchurizishia jichoni, lile la kushoto linaloitazama pua tangu azaliwe, "Tulia, Hulda," Bwana Haskett anabwata ndani ya bomba lake la bati la kukuzia sauti, filamu haina sauti, mwongozaji anabwata apendavyo, mpiga fidla anakwaruza ili kuwatia waigizaji hisia, mkono wa kamera unazungushwa, "bwana harusi kashazirai, kashainuka, sasa wewe ona haya, inamisha macho," haya ya nini, na pale kando ya kamera kasimama Orville, mume wake wa kweli, Orville aliyemwekea miadi kwa daktari, Alhamisi, kisu kidogo tu mke wangu, tumeshapata jina, kuchekwa kunatosha… nani amechekwa, watu huicheka filamu, Orville ndiye hubaki nyuma hatua moja wakienda kanisani, kama mama alivyomgeuza ubavu siku ya picha ya ukoo kule Toledo, ndugu zake wote wametazama mbele, yeye katazama pazia, picha ingali ukutani, yeye angali anatazama pazia, "Hulda," ananong'ona Fitch, bwana harusi wa filamu, kwa uso wa mapenzi, "mumeo kasema Alhamisi unanyooshwa macho, ukinyooka mimi nitazirai kwa kuona nini, sura yangu?" nusura acheke, Fitch amemwoa kila msimu na kila mara amezirai, lakini hajawahi kutembea nyuma yake, na mzee Dobbs aliyevaa kanzu ya mchungaji anafungua kitabu, anamuuliza kwa sauti nzito ya ibada, "Je, Hulda, unajua kama mchana wa leo ni maharage tena?" na hapa ndipo bibi harusi hujibu, kila bibi harusi, akiwa kainamisha macho, basi hainamishi, anayaacha yote mawili wazi mbele ya kamera, moja huku na moja kule, macho yaliyomjengea Orville nyumba, anasema taratibu, midomo ikitimiza kila silabi, "Alhamisi siendi, Orville, wala siku nyingine," fidla inaimeza sauti, "Safi sana, hivyo hivyo," anasema Haskett, mkono wa kamera unazidi kuzungushwa, Dobbs angali kashika kitabu, na katika maandishi ya filamu waandike Nakubali wakitaka, midomo yake itakuwa ikisema siendi katika kila ukumbi, mbele ya watu wote, na Orville akiwa amekaa katikati yao.