Sindano ya Jumatatu

Kama unafuga ng'ombe mmoja nyuma ya jiko, isome habari hii ya Lidwina kabla hujaenda duka la dawa. Lidwina hakuwa mzembe. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husikia kile anachotaka kusikia.

Lidwina anakaa Bombambili, kule nyumba zinakoishia na bonde kuanza. Mwezi huo wa Juni mumewe Kajetani alikuwa Lusewa anavuna mahindi, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa mgongoni kwake: watoto wanne, bustani ya mchicha, na Tulizo. Tulizo ndiye ng'ombe. Kila alfajiri, baridi ikiuma mpaka kwenye mifupa, Lidwina alishuka bondeni kukata majani ya mabingobingo, akapandisha mzigo kichwani, akarudi tena jioni. Shingo ilikuwa imezoea kuuma. Hakumlalamikia mtu, maana kikombe cha maziwa cha kila asubuhi ndicho kilichomsimamisha Hilda, kitinda mimba wake, aliyechelewa kutembea hadi watu wakaanza kunong'ona.

Sasa, Tulizo hakununuliwa. Alitoka kwenye kikundi cha akina mama. Desturi yao ni hii: mama mmoja anapewa mtamba, jike ambaye hajazaa, na ndama jike wa kwanza akizaliwa anakwenda kwa mama anayefuata. Dume ni lako. Tulizo alizaa dume. Kwa hiyo Mwanne wa Mfaranyaki, aliyekuwa anafuata, alikuwa na mwaka wa tatu anangoja, banda lake limejengwa, hori limekauka mpaka kuku wanatagia humo. Na kuna kanuni nyingine ambayo hakuna mama anayependa kuitaja. Kila mwaka kikundi kinapita kukagua. Ng'ombe atakayekutwa hana mimba, wala hajapandishwa, anafunguliwa kamba siku hiyohiyo anahamia kwa anayengoja.

Ukaguzi ulikuwa Jumamosi.

Tulizo alipandishwa wiki ya Jumatano ya Majivu. Bwana mifugo, Salum, ndiye aliyemwekea mbegu, akamwambia Lidwina ahesabu siku ishirini na moja: akilia tena kutaka dume, ujue mimba haikushika. Lidwina alitia alama kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Siku zikapita, kimya. Akahesabu nyingine, kimya. Akaanza kumpa Tulizo pumba kidogo zaidi, akamwita "mama kijacho" watoto wakacheka.

Ikaja Jumapili ya Pentekoste. Walipotoka kanisani walimkuta jirani yao, mzee Polikarp, amekaa kwenye kigogo karibu na banda kama mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mama Hilda, ng'ombe wako amelia tangu mmeondoka. Amelia mpaka amenikatisha usingizi. Huyu yuko kwenye joto."

"Si ana mimba, mzee?"

"Mimba ya wapi? Mwenye mimba anatulia. Mimi nimechunga ng'ombe wa misheni miaka miwili, usinifundishe."

Lidwina alimpigia Salum, simu haikupatikana hadi Jumanne. Salum alimsikiliza, akasema joto hilo, kama lilikuwa joto, limeshapita. Akaongeza, "Lakini hata mwenye mimba hulia wakati mwingine, dada. Tungoje siku ishirini na moja, halafu nitakuja kumpima kwa mkono." Maneno hayo Lidwina aliyasikia. Ila yaliyobaki kichwani yalikuwa ya Polikarp, labda kwa sababu Polikarp alikuwa anayarudia kila siku kwenye uzio.

Siku ishirini na moja zikaisha Jumapili ya kuamkia wiki ya ukaguzi. Tulizo hakulia. Mtu aliyelala vizuri angefurahi. Lidwina akaona ndiyo mwisho wa kila kitu: hana mimba, na joto lenyewe limekataa kurudi.

"Tumpime sasa hivi," alisema Polikarp jioni hiyo. Alikuja na kikombe cha maji ya baridi, akammiminia Tulizo sikioni. Tulizo akatikisika kuanzia pembe hadi mkia, akamrushia mzee maji usoni.

"Umeona?" Polikarp alijifuta kwa mkono wa shati. "Angekuwa na kitu angetikisa kichwa tu. Mwenye mimba hatikisi tumbo lake ovyo."

"Mzee, hata mimi ukinimwagia maji sikioni na baridi hii nitatikisika."

"Wewe una mimba?"

"Nani anipe, na Kajetani yuko Lusewa?"

"Basi na wewe umepimwa. Huna." Wakacheka, kicheko chenyewe kikaisha haraka. Kisha Polikarp akasogea, akashusha sauti. "Kuna sindano. Anachomwa leo, siku ya tatu joto linakuja lenyewe. Salum anampandisha, Jumamosi wakija wanakuta cheti kipya cha kupandishwa. Cheti ni cheti."

Usiku huo Lidwina hakulala. Jumatatu asubuhi akampigia Salum.

"Nipo huku Lusewa, tunachanja," Salum alisema, nyuma yake ng'ombe wakipiga kelele. "Narudi Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi kwako ndiyo kwa kwanza, nampima. Usimchome kitu mpaka nije. Umenisikia, dada?"

"Nimekusikia."

Alikata simu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ijumaa. Salum akiingiza mkono Ijumaa akasema hamna kitu, Jumamosi ng'ombe anaondoka. Hakuna siku katikati ya kurekebisha. Alimwangalia Hilda akitembeatembea na kikombe chake kitupu, akigonga hori, akimwita Tulizo kama anavyoita watu. Akasimama, akajifunga kanga, akapanda bodaboda.

Duka la dawa za mifugo liko Mfaranyaki, na muuzaji anaitwa Sixbert, kijana mpole, mwenye maswali. Lidwina alimweleza anachotaka.

"Umempimisha, mama?"

"Kwani lazima?"

"Lazima. Dawa hii haichagui. Kama kuna mimba inaishusha, na ile changa haichelewi. Nenda apimwe kwanza, uje."

Nenda, uje. Tangu saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameenda na kuja. Lidwina alitazama kile kichupa kidogo juu ya kaunta, kidogo kuliko chupa ya rangi ya kucha, na mdomo wake ukasema wenyewe.

"Ameshapimwa. Salum alimpima. Hana kitu."

"Una hakika?"

"Mwanangu, ng'ombe ni wangu."

Sixbert akafunga duka, wakapanda pamoja hadi Bombambili. Akamchoma Tulizo kwenye msuli wa paja. Polikarp alikuwa kwenye uzio anaitikia kwa kichwa kama fundi aliyekubaliwa. Tulizo hata hakushtuka. Aliendelea kula.

Jumanne, hamna. Jumatano Tulizo aliacha pumba, akasimama pembeni mkia umeinuka kidogo. "Linakuja," alisema Polikarp. Lidwina akamshukuru Mungu, akafua gauni lake la kikundi, lile la kitenge cha njano, akalianika.

Alhamisi alfajiri aliingia bandani na taa ya simu. Tulizo alikuwa amelala, anapumua kwa nguvu. Nyuma yake, juu ya majani, kulikuwa na kitu.

Alidhani ni paka. Ukubwa ndio huo. Akainama. Kilikuwa kimelowa, ngozi laini inang'aa bila unywele, macho yamefumba. Kwato zilikuwepo, nne, ndogo kama punje za mahindi mabichi. Alikigeuza kwa kidole kimoja, kwa sababu alijua jambo atakaloulizwa, na yeye mwenyewe alitaka kulijua. Kilikuwa jike.

Akakaa pale pale kwenye majani. Hakulia. Alikaa mpaka watoto walipomwita uji, akakifunika kwa kipande cha kanga, akaenda kuwasha moto.

Salum alifika usiku, hakungoja Ijumaa, maana Lidwina alimpigia akasema njoo tu. Akavaa glavu ndefu hadi begani, akaingiza mkono, uso ameugeuzia ukutani.

"Zalio, kondo lake la nyuma, limebaki ndani. Nitamtibu, atapona," alisema. "Hii ilikuwa miezi minne, dada. Ilishika ile siku ya kwanza kabisa. Nani alisema hana?"

Polikarp alikuwa nje ya uzio. Alikohoa. "Mimi nilisema amelia. Kulia alilia kweli."

"Mzee alisema amelia," Lidwina alisema. "Aliyesema amepimwa ni mimi."

Salum akavua glavu taratibu. "Ningekuja Ijumaa," alisema tu. "Ingekuwa kazi ya dakika mbili."

Jumamosi akina mama wakaja, wanane, mwenyekiti wao Rosemary mbele na daftari, Mwanne nyuma amebeba mtoto mgongoni. Lidwina alikuwa amevaa njano. Angeweza kusema ng'ombe aliugua tu, mimba ikatoka, na hakuna ambaye angefukua shimo nyuma ya mgomba, alipokizika kile kitu, kuhakikisha. Salum naye alishamwambia hatasema; kuandika sababu ni kazi ya kikundi, si yake. Lakini Lidwina alianza na duka la Mfaranyaki, akasema yote, hata la maji ya sikioni. Hakuna aliyecheka.

Mwanne alikuwa amechuchumaa, anachora chini kwa kijiti. Aliuliza bila kuinua kichwa.

"Alikuwa jike au dume?"

Upepo ulikuwa unapeperusha majani ya mgomba. Kama ni dume, Mwanne hakupoteza kitu. Kila mmoja pale alilijua hilo, na Lidwina kuliko wote.

"Jike."

"Wallahi?"

"Nilimgeuza mwenyewe. Jike."

Mwanne akaacha kuchora. "Basi alikuwa wangu," alisema, pole pole, kama mtu anayeambiwa jina la marehemu. "Miaka mitatu, Mama Hilda. Na alikuwa humo tumboni siku zote hizi."

"Alikuwemo."

Rosemary alifungua daftari akalifunga. Kanuni ilikuwa kanuni, na hapakuwa na aliyetaka kuisema, kwa hiyo Lidwina mwenyewe ndiye aliyekwenda kufungua kamba. Vidole vilikataa, fundo lilikuwa la siku nyingi. Mwanne akamfuata, akamsaidia. Wakalihangaikia wote wawili.

"Mimi sijawahi kufuga," Mwanne alisema chini chini. "Dawa zake za hilo zalio, nitajuaje?"

"Salum atapita kila siku. Pumba mpe jioni, asubuhi hazitaki. Majani nitakuletea wiki hii, mpaka ujue kukata yapi."

"Utatoka Bombambili na mzigo mpaka kwangu?"

"Shingo imeshazoea."

Hilda alikuwa mlangoni na kikombe. Tulizo alipopita alinusa kikombe kile, akaendelea na njia. Lidwina alishika kamba mbele, Mwanne akawa pembeni na mtoto mgongoni, wakashika barabara ya Mfaranyaki taratibu, maana ng'ombe alikuwa bado mdhaifu.

Karibu na mteremko Lidwina akasimama.

"Mwanne. Ukimpandisha, akalia, atakuja mtu kwenye uzio wako. Wa kukwambia kitu hakosekani. Usinunue chochote mpaka Salum aingize mkono. Hata mimi nikija nikakwambia, usiniamini."

"Hata wewe?"

"Mimi hasa," Lidwina alisema, akamvuta ng'ombe.