Watabaki Wangapi

Amna alikuwa na kazi ambayo mama yake, Mungu amrehemu, alikufa bila kuielewa. Alikuwa akikadiria thamani ya kampuni zinazosimamia uwekezaji wa watu. Kampuni ya namna hiyo ikitaka kuuzwa, mnunuzi alikwenda ofisini kwa kina Amna, Dar es Salaam, na Amna alitumwa kuchimba mpaka ajue bei ya haki ni ipi. Si kazi ndogo hiyo, jamani. Kinu cha kubangua korosho utakiona, utakigusa, utasikiliza injini yake. Kampuni hizi hazina shamba wala mashine. Zina watu waliokubali kuziachia fedha zao ziwanunulie hati fungani na hisa, nazo zikate ada kidogo kila mwaka. Watu hao wakiondoka, umenunua meza na viti.

Sasa kampuni aliyopewa mwaka huo ilikuwa ya mjomba wake.

Halfani na Wenzake, ndivyo kibao kilivyosema pale Nachingwea mjini, ingawa hao wenzake hakuna aliyewahi kuwaona. Alikuwapo Halfani mwenyewe, na Hemedy, wakala wake mwenye pikipiki, mtu wa Tanga aliyefuata mke huku kusini. Kwa miaka kumi na tisa Halfani aliwabembeleza wakulima wa korosho na ufuta, kutoka Nambambo hadi Nanganga, wasiache fedha ya msimu iyeyuke kwa redio mpya na ngoma za harusi. Ndiye aliyemlea Amna na kumsomesha, kwa kuwa kwao mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Amna hakuficha. Alimwambia bosi wake, Ivan, kwamba yule ni ndugu yake wa damu. Ivan akasema afadhali, utafunguliwa milango, hesabu zako nitazipitia mwenyewe.

Halfani alikuwa anaumwa ini. Daktari alishamwambia ahesabu wiki, asihesabu miaka. Hakutaka wateja wajue kabla hajauza.

"Nikifa na kampuni mkononi, mama," alimwambia Amna, "watagombania mlangoni. Karatasi zao, hisa na hati fungani, zitauzwa kwa bei ya kutupa, na waliochelewa wataumia. Nataka niwakabidhi kwa mtu mwenye nguvu, nikalale."

Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka duniani. Amna aliapa moyoni kwamba atampatia.

Mnunuzi naye alikuwa na swali moja tu: Halfani akiondoka, wateja wangapi watabaki? Bei yote ilining'inia hapo. Nusu ingelipwa siku ya kutia saini na nusu baada ya mwaka, wateja wakiwa bado wapo. Kulikuwa na familia kumi na mbili upande wa Ruangwa zilizoshikilia zaidi ya nusu ya fedha zote. Zikibaki nane, atanunua. Zikipungua hapo, hataki.

Basi Jumamosi moja, alfajiri, Amna alipanda pikipiki ya Hemedy na daftari lake. Wakapita Malolo, wakapita Nanganga, nyumba kwa nyumba, robo saa kila nyumba. Hodi, shikamoo, mimi ni mpwa wake Halfani. Mna jambo gani na mjomba? Tangu lini? Na kampuni ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, mtabaki? Ugonjwa hakuutaja hata mara moja. Alijiona mjanja kweli.

Lo, shule hizi! Mtoto alipelekwa bweni ana miaka kumi na moja, akarudi likizo tu, akasoma mpaka akamaliza vitabu, na jambo ambalo kila mwanamke wa Malolo analijua likampita. Huko, mtu anayezunguka kuuliza nani ana jambo na mjomba, deni au dai, ni mpwa wake, mtoto wa dada. Na huzunguka siku moja tu katika maisha yake, siku ambayo mjomba amelazwa ndani anasubiri kuzikwa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mwamina, mjane, mteja wa tangu mwaka ule kampuni ilipoanzia chini ya turubai sokoni. Alisikiliza swali mpaka mwisho. Akavuta kanga yake akafunika kichwa, akaushika mkono wa Amna kwa mikono yake miwili.

"Nitabaki, mwanangu," alisema. Machozi yalimlengalenga machoni. "Nitakwenda wapi mimi?"

Amna aliyaona yale machozi akadhani ni mapenzi ya mteja kwa kampuni. Aliandika: atabaki. Kufikia adhuhuri, kati ya familia kumi na mbili, kumi na moja zilikuwa zimesema zitabaki.

Alirudi Nachingwea roho inaruka. Halfani alipoyasikia majibu alicheka, akaomba ugali, akala sahani nzima kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Amna akamtumia Ivan takwimu hapo hapo mezani.

Alasiri lori la Fuso likasimama mbele ya nyumba. Halfani alikuwa barazani na kikombe cha chai. Wanawake wakaanza kushuka na ndoo za unga na mizigo ya kuni. Nyuma yao wanaume na majembe. Hakuna aliyekuwa amepiga simu kuhakikisha. Nani humpigia mfiwa kumuuliza kama ni kweli? Wa kwanza kushuka alikuwa Bi Mwamina, tayari analia kwa sauti, "Halfani we! Umetuacha na nani!" Akainua kichwa, akamwona Halfani ameshika kikombe.

Kilio kilikatika.

"Majembe ya nini, Bi Mwamina?" Halfani aliuliza akicheka na kukohoa. "Msimu wa kulima bado."

Hakuna aliyecheka naye. Sasa walikuwa wanamtazama vizuri. Macho ya manjano, tumbo limejaa, mikono imebaki mifupa. Halfani akaweka kikombe chini.

"Sijafa," alisema. "Ila hamkukosea sana."

Wanawake wakaketi palepale mchangani wakalia upya, safari hii mbele ya mwenye msiba mwenyewe, naye akawa ndiye anayewabembeleza wanyamaze. Amna alisimama mlangoni na aibu imemjaa mpaka masikio. Alitamani ardhi ipasuke.

Bi Mwamina alimvuta pembeni. "Lile nililokwambia asubuhi, usiliandike."

"Kwa nini, bibi?"

"Umekuja kwangu umefiwa, ningekwambiaje neno jingine? Mfiwa anajibiwa apate nguvu ya kusimama. Mimi fedha yangu nilimpa Halfani, sikukipa kibao. Siku akiondoka, na mimi naondoka."

Amna alimwuliza mmoja baada ya mwingine. Wale kumi na moja wakabaki wawili.

Wageni walipoondoka, alimwendea mjomba wake chumbani.

"Umeshapeleka majibu Dar?" Halfani aliuliza.

"Nimepeleka."

"Basi acha hivyo hivyo."

"Walinijibu kwa huruma, mjomba. Hawatabaki."

"Uliwauliza, wakajibu, ukaandika. Kosa lako liko wapi?"

"Huyo anayenunua atakuwa ametapeliwa, na mimi najua."

"Na mimi, Amna?" Halfani alisema. "Mimi nilikutapeli lini?"

Amna alitoka, akakaa kwenye meza ya mjomba wake, ile ile iliyomlipia ada tangu darasa la tano, akamwandikia Ivan ukweli wote. Jumatatu mnunuzi akajitoa.

Halfani hakumgombeza. Heri angemgombeza! Alinyamaza tu. Amna aliomba likizo akabaki kumuuguza, akimlisha uji kwa kijiko, naye aliumeza kisha akageukia ukutani. Siku ishirini na tatu, hata "ahsante" hakuna. Wakati mwingine alimsikia anaongea na simu chini chini, na akiingia yeye, simu inakatwa. Amna alikwenda kulia bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Moyo ulikuwa unamuuma hasa, si kwa namna ya kusema tu. Alikuwa na mtu mmoja duniani, na mtu huyo hakutaka kumtazama.

Halfani alifariki Alhamisi jioni. Mazishi yalipangwa baada ya swala ya Ijumaa. Safari hii hakuna aliyelazimika kumwambia Amna kazi ya mpwa. Alfajiri alichukua daftari lile lile, akapanda pikipiki ya Hemedy, akaenda Malolo.

Bi Mwamina alikuwa anamngoja mlangoni, kanga kichwani.

"Una jambo lolote na mjomba, bibi?"

"Sina. Fedha yangu yote imesharudi."

Amna alimtazama asielewe.

"Hukujua? Alinipigia mwenyewe. Alitupigia wote, leo wawili, kesho watatu, pasiwe na msukumano. Akauza karatasi zetu taratibu kwa bei nzuri, Hemedy akatuletea hati za benki. Hakuna aliyepoteza hata shilingi." Hemedy, kwenye pikipiki, aliangalia chini. "Alisema, mpwa wangu ameniamsha, nilikuwa nawauza ninyi kama magunia. Alisema amekununia bila kosa, na aibu imemshika, anashindwa kuanza. Lakini aliniapia kwamba kabla hajaondoka atakwambia." Akaushika mkono wake kama mara ile. "Alikwambia, mwanangu?"

Amna aliiona hofu ya mwanamke yule mzee, jinsi alivyokuwa akiliomba jibu moja tu.

"Aliniambia, bibi."

"Alhamdulillahi," Bi Mwamina alisema, akamwachia mkono.

Amna aliandika mbele ya jina lake: hana jambo. Hemedy akawasha pikipiki. Zilikuwa zimebaki nyumba kumi na moja, na katika kila nyumba aliulizwa swali lile lile.