Nyumba Iliyopanda Saa Saba Mchana

Siwema alikuwa akifagia bustani ya ziwa, kando ya barabara itokayo Kisarawe kwenda Msimbu. Serikali ilikuwa imeziba mto, maji yakajaa bondeni, na juu ya ukingo wakaweka mabenchi manne ili Wazungu wenye magari wapate kula chakula cha mchana huku wakitazama maji. Nyumba ya Siwema ilikuwa chini ya maji hayo. Kwenye ramani haikuwapo, paliandikwa pori. Wenye nyumba walikatiwa viwanja Msimbu. Mwenye pori hakukatiwa kitu, na Siwema alikwenda bomani mara tisa kulisema hilo mpaka maneno yenyewe yakamchosha.

Alikuwa akilala Kurui kwa shemeji yake, Kibwana. Kibwana si mtu mbaya, tusimsingizie. Lakini mwanawe alikuwa anaoa baada ya mfungo, na chumba kilikuwa hicho hicho kimoja.

Sasa nyumba yenyewe ilikuwa ikipanda. Mgeni akifungua chakula pale benchini, paa la makuti lilitokea majini, kisha kuta, kisha baraza, ikaja ikakaa nchi kavu hatua chache toka barabarani. Tangu marehemu mume wa Siwema aijenge, hakuna mgeni aliyewahi kula chakula juani mbele ya mlango wake, na nyumba nayo ina haya zake. Mgeni akishanawa, inashuka. Tabu ni kwamba wageni wengi walikuwa wapita njia tu, wasio na kalamu.

Basi Jumanne moja akaja Bwana Shauri mwenyewe, afisa wa boma, yule mwenye ramani, pamoja na karani wake Shomari.

"Shikamoo, mama," Shomari akasema.

"Marahaba."

Bwana Shauri akafungua samaki wa kopo na mayai ya kuchemsha. Nyumba ikapanda. Siwema akamkaribisha ndani, maana jua lilikuwa kali, naye akainama mlangoni akaingia, akakaa kwenye kitanda cha kamba. Kiswahili chake kilikuwa safi. Kambale wawili walikuwa wamelala kwenye kinu. Siwema akawafunika kwa ungo wasimsumbue.

Shomari akamvuta Siwema pembeni. "Mama, mwambie sasa. Kalamu anayo mfukoni."

"Anakula."

"Ndiyo maana nakwambia sasa."

"Nimtajie shida mgeni na tonge liko mkononi? Ataona nimemwita ndani nimkamate."

Akasubiri. Alikitaka kile kiwanja kuliko kitu chochote duniani, lakini alisimama na birika la kunawia. Bwana Shauri alikula taratibu. Akasifu hewa. Akauliza nguzo zile ni mti gani, akaambiwa mninga. Alipomaliza, Siwema akammiminia maji mikononi.

Wakatoka. Nyumba ikarudi majini polepole, na Bwana Shauri akafuta tope kwenye viatu.

"Bwana, nina shida," Siwema akasema. "Nyumba yangu ilikuwa hapa, nami sikukatiwa kiwanja."

Bwana Shauri hakuwa mtu wa kudharau watu. Akageuka, akalitazama ziwa kwa makini.

"Iko wapi?"

"Ile uliyolia chakula."

"Sasa hivi iko wapi?"

"Imeshuka."

Akatandaza ramani juu ya boneti ya gari, akatoa kalamu, akaandika. Kisha akaingia garini. Shomari akabaki nyuma akikusanya vyombo.

"Ameandika nini?" Siwema akamwuliza.

"Kwamba mahali hapa pana kivuli kizuri mchana." Shomari hakumtazama usoni. "Mama, Jumanne ijayo tunapita tena. Atakula hapa hapa. Mwambie kabla hajanawa."

"Anakula ndani kwangu, nimkabe?"

"Mfungo umekaribia, mama."

"Najua." Machozi yalikuwa yakimtoka, machozi ya kuchoka tu, wala hakuyafuta. "Siwezi, mwanangu."

Akainama akaokota maganda ya mayai.

Jumanne iliyofuata Bwana Shauri alikuja na wageni wawili, akawaonyesha pa kuinamisha kichwa mlangoni. Siwema aliwatandikia mkeka, akasimama pembeni mpaka wote watatu wakashiba.