Zamu Isiyo na Kengele

Enyi vizazi vijavyo, vueni kofia: mimi, Ambakisye wa kidato cha pili, nawaletea historia kamili ya Lisumbe, mji wa makaa ya mawe na garimoshi. Naileta usingizini, shavu juu ya dawati, mate yakichora ramani kwenye daftari, maana ni kipindi cha Mwalimu Mbilinyi, mchana, baada ya maharage.

Dawati linafunguka kama mlango, naingia barabarani, na barabara ni reli, na reli haiishi. Kushoto ni Lisumbe, kulia ni Lisumbe ileile kama kwenye kioo. Ya kushoto inajengwa: watu wanalaza mataruma, wanachimba mgodi, wanafungua maduka na ukumbi wa dansi. Ya kulia inachakaa: makaa yamekwisha, garimoshi halirudi, nyasi zinaota stesheni, na sisi wanafunzi tunahamia mabweni ya wachimbaji. Natembea, natembea, niko palepale. Mkuu wa stesheni ananisimamisha. Ana kofia, ana filimbi, hana uso. Shikamoo mzee, nasema. Marahaba mjukuu. Unajibuje bila mdomo? Kama wewe unavyofaulu bila kusoma, anasema. Haya, tegua kitendawili: kilibeba mabehewa, kikazeeka, sasa kinabeba saa.

Nacheka, halafu sicheki. Ni kile kipande cha reli kinachogongwa shuleni kama kengele kila kipindi. Zamani kilitundikwa mgodini, anasema, kikilia wachimbaji wanatoka. Leo hakijalia. Baba wa babu yako yuko chini, na hewa inapungua.

Nalaza sikio ardhini. Jamani, zamu hii haina mwisho? anauliza mmoja. Kuna mpumbavu kaficha kengele, anajibu mwingine, kwa sauti ya ukoo wetu kabisa.

Iko chini ya kitanda cha Lusajo, mgonga kengele wetu! napiga kelele. Nimeifunga kwa shuka lake ili mtihani usianze!

Juu yangu miguu inakimbia kuelekea mabwenini. Kisha ngaa, ngaa, ngaa, na wanatoka mmoja mmoja, weusi, wanakohoa, wanacheka, na mzee wetu ananichapa kofi la kisogoni, la mapenzi, nami napumua kama niliyekuwa chini pamoja nao.

Ngaa bado inalia. Dirishani namwona Lusajo akigonga reli, shuka begani. Mwalimu Mbilinyi amesimama juu yangu na, ahsante Mungu, ana uso. Endelea, anasema, ulifika kwenye shuka. Nyuma yangu darasa linaangua kicheko: we Amba, nani kakupaka masizi kisogoni? Vidole vitano! Natazama mikono ya mwalimu. Ina chaki tu.

Wametoka wote? namuuliza.

Kina nani?

Basi, Mwalimu. Ni mimi peke yangu niliyeificha kengele. Lusajo hajui kitu.