Mfuniko wa Mkanda wa Nne

Viti vya sinema ile bado vimo mjini, ukivijua. Kinyozi wa sokoni anavyo vitatu vilivyoungana, namba zake za shaba zingali mgongoni. Fundi cherehani anacho kimoja, na zahanati imewapangia wagonjwa safu nzima. Karani mstaafu alivikalia vyote kwa miezi mitano, daftari gotini, akikusanya historia ya jumba ambalo siku hizi ni ghala la saruji. Maktaba ya mji ilimwomba aandike kijitabu, naye, mtu aliyetunza majalada ya watu wengine maisha yake yote, akakubali kabla hawajamaliza kumwambia. Laiti angejipa siku moja ya kufikiri!

Maana kila aliyemhoji alianza anapotaka, akaishia kwenye kicheko kile kile.

"Siku ya Kinyumenyume!" alisema kinyozi, mkasi hewani. "Bwana wee! Marehemu kazikwa, kina mama wamelia mpaka basi, mkanda ukabadilishwa, mara tunamwona huyo, mzima wa afya, anakunywa chai na mkewe! Tulicheka tukakosa pumzi. Halafu wale wa nyuma wakachachamaa, viti vikaanza kung'olewa. Hivi viti nilivibeba mwenyewe kichwani."

"Na mikanda ilichanganyikaje?" Karani aliuliza. Aliuliza kwa sababu mtafiti lazima aulize.

"Si ulevi wa mwonyeshaji tu? Ah, kwani wewe hukuwapo?"

Alikuwapo. Tena mikanda ile aliileta yeye.

Enzi zile filamu ilikuja nakala moja tu kwa miji miwili. Mji wa jirani ulitangulia kuanza. Mikanda miwili mitatu ikiisha kuonyeshwa kule, kijana wa baiskeli aliifunga nyuma kwenye keria na kukanyaga pedeli kama amefukuzwa. Mikanda ilikuwa imechakaa, vipande vyake vya mwanzo vyenye namba vilikwisha kukatika zamani, kwa hiyo namba iliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mfuniko wa kopo. Mwonyeshaji alipokea mkanda, akaurudisha nyuma kwa mkono, akauweka kwenye projekta. Hakuwa na cha kumwongoza ila ule mfuniko.

Sasa, katikati ya njia kulikuwa na nyumba, na katika nyumba hiyo msichana aliyewahi kusema, kwa utani tu, kwamba angependa picha ya yule mama wa dirishani katika filamu ile. Kijana wa baiskeli, miaka kumi na tisa, akili zote zimehamia moyoni, aliteremka, akafungua kopo la kwanza, akakosa. Akafungua la pili, akampata mama wa dirishani mwishoni kabisa mwa mkanda. Akatoa wembe. Vipande vitatu vya picha, haviwezi hata kuziba jicho. Kisha akafunika makopo haraka haraka, maana muda ulikuwa unamkimbia, na mfuniko wa nne ukakaa juu ya mkanda wa tano.

Msichana yule alikuja kuwa mkewe. Walilea watoto wanne, na vile vipande vitatu vilikaa ndani ya albamu ya harusi hata baada ya kumzika mwaka jana. Habari ya mfuniko hakumwambia hata yeye.

Lakini kilichomla Karani si mfuniko. Mfuniko ni bahati mbaya, na ujana. Kilichomla ni dakika moja iliyofuata, pale tajiri wa sinema aliposimama kwenye ngazi, povu mdomoni, akauliza kama si huyu wa baiskeli aliyeharibu. Na mwonyeshaji, ambaye shati lilikuwa limelowa jasho, akajibu, "Hapana, tajiri. Huyu mdogo wangu ni mwangalifu. Labda ni mimi." Karani alikuwa amesimama palepale, ameshika usukani wa baiskeli, ulimi umeganda. Mwonyeshaji akafukuzwa siku hiyohiyo. Ulevi uliongezwa baadaye na watu, ili hadithi inoge.

Miaka arobaini na mitano. Na sasa rasimu ilikuwa tayari, asubuhi ya kesho inakwenda kwa mpiga chapa, na ukurasa wa kumi na tisa ulisema: *Kwa mujibu wa mashahidi wanane, mwonyeshaji alikuwa amelewa, akachanganya mikanda.* Mashahidi wanane! Akaona haya mbele ya karatasi yake mwenyewe. Alivaa koti, akatoa kitu fulani ndani ya albamu, akaenda.

Mlango ulifunguliwa na binti wa mwonyeshaji, mama mtu mzima sasa, aproni kiunoni. "Karibu, baba mdogo. Baba amekuulizia wiki nzima. Anasema umewahoji watu wote, yeye umemruka."

Mzee alikuwa ameketi karibu na dirisha. Macho yalikuwa yamebaki ya kutofautisha mwanga na kivuli tu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Nilidhani umenisusa." Alicheka kidogo, kisha akageuza shingo. "Mama, mlango umeufunga?"

"Nimeufunga, baba."

"Hebu angalia tena."

Binti akaenda, akautikisa mlango, akarudi. Alimwinamia Karani, akasema kwa sauti ya chini, "Ndivyo alivyo tangu niko mdogo. Hata chumvi akitia kwenye chakula, ananiuliza kama ametia. Usijali." Akaingia jikoni.

Karani hakujua aangalie wapi.

"Nisomee pangu," Mzee alisema. "Najua wamesemaje, usinifiche. Na mimi nimekuja kuamini. Pombe sikuwahi kuonja, lakini huenda niliona nne pakiwa na tano. Mtu akishaambiwa na mji mzima, atabishana na nani? Tangu siku ile sijawahi kuiamini mikono hii." Akaiinua, akaitazama asiione.

Karani alifungua ukurasa wa kumi na tisa. Akasoma maneno mawili. Akaishia hapo. Alijaribu tena, halafu akaiweka rasimu sakafuni, akatoa bahasha, akamwekea Mzee vile vipande kiganjani.

Mzee alivipapasa. Vidole vilipita kwenye matundu ya ukingo taratibu, vikafika mwisho, vikasimama, vikarudi.

"Wembe," alisema. "Mashine haikati hivi." Akavigeuza. "Mkanda wa nne uliishia kwa mama fulani dirishani. Nilipokuja kuuonyesha ulikatika kabla hajageuka. Nilidhani projekta yangu imemla."

"Hapana, kaka. Nilimkata mimi. Njiani. Nikafunika vibaya." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na pale kwenye ngazi ulinitetea, nikakuacha. Nikakuacha maisha yako yote."

Jikoni sahani ziligongana. Karani alitamani atukanwe, hata apigwe. Kingekuwa kitu cha kupokea.

"Kwa hiyo sikukosea," Mzee alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Kisha akapaza. "Mama! Njoo hapa."

Binti alisimama mlangoni, mikono inachuruzika maji ya sabuni.

"Huyu binti yangu aliacha shule akiwa darasa la tano," Mzee alisema. "Wenzake walikuwa wanatembea kinyumenyume mbele yake, wakimcheka, uwanja mzima, kila asubuhi. Kijitabu chako kitasomwa na watu. Lakini kwanza mwambie yeye."

"Aniambie nini, baba?" Binti aliuliza, akimtazama mmoja, akimtazama mwingine.

Karani alisimama. "Mwanangu," alianza, "siku ile pale sinema, makosa..."

"Hapana, usianzie hapo," alisema Mzee, vipande vitatu amevifumbata mkononi. "Anzia ulipoteremka kwenye baiskeli. Twende kwa mpangilio."